Porto de Mós, Ureno: siku mbili za ngome na mapango baada ya hija ya Fátima

Wengi wetu tunaokwenda hija Fátima, mji wa Bikira Maria huko Ureno, tunarudi nyumbani bila kujua kwamba, kama nusu saa kwa gari kutoka basilika, kuna manispaa inaitwa Porto de Mós. Mimi na mama yangu tulibaki siku mbili zaidi baada ya kundi letu kuondoka, mwishoni mwa Mei. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayepanga safari kama yetu, hasa kama anasafiri na mzazi.

Nianze na kilichonikera. Kampuni iliyotupangia hija iliweka ngome ya Porto de Mós kwenye ratiba kama matembezi ya nusu siku, na tukalipia hivyo. Siku ilipofika tulishushwa tukaambiwa tuna dakika arobaini. Wazee hata kilima hawakukimaliza. Walipiga picha chini wakarudi kwenye basi. Nililalamika, sikupata jibu la maana. Ndiyo maana tulirudi wenyewe, na nashukuru tulirudi.

Ngome iko juu ya kilima, mji umejikunja chini yake, na Mto Lena unapita bondeni. Utaijua kwa mbali kwa minara yake miwili yenye mapaa ya vigae vya kijani, yaliyochongoka kama piramidi. Sisi watu wa pwani tukisikia ngome ya Wareno tunaiwaza Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, kuta nene za kupokea mizinga. Hii ni ya zamani zaidi na ina roho nyingine. Mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, aliitwaa kutoka kwa Waislamu mwaka 1148. Karne ya 15 kabaila mmoja, Afonso wa Ourém, akaigeuza kuwa jumba la kuishi, akaiwekea baraza yenye matao inayotazama nje. Tetemeko la 1755 liliiharibu vibaya, ikaja kukarabatiwa baadaye. Ukisimama kwenye baraza ile unaelewa kwamba huyu bwana alitaka kupunga upepo na kuangalia mashamba yake, vita alikuwa ameshaviweka kando.

Kwa Mkatoliki kuna jambo jingine. Msimamizi wa ngome hii zamani alikuwa Fuas Roupinho, yule wa kisa cha Nazaré, mji wa pwani wa Ureno: mwaka 1182, asubuhi ya ukungu, alimfukuza paa kwa farasi hadi ukingoni mwa jabali la bahari, akamwita Bikira Maria, na farasi akasimama papo hapo. Mama alikijua kisa kutokana na picha aliyoiona Fátima. Kusikia kwamba mtu huyo aliishi katika ngome hii kulimfanya apande ngazi zote bila kupumzika.

Tulipokuwa tunashuka, aliinama kwenye jiwe la ukutani akalipapasa kwa kidole. "Njoo uone, mwanangu. Hili si kombe?" Lilikuwa kombe la baharini kweli, dogo kama kucha, limeganda ndani ya jiwe na mistari yake yote. Mawe haya ya chokaa yalitokana na matope ya bahari ya kale, enzi za dinosaria, na sasa yamekuwa milima iliyo mbali na pwani. Sisi ni watu wa Tanga. Mapango ya Amboni yamo katika mawe ya chokaa ya enzi hiyo hiyo, kwa hiyo mama hakuona ajabu ya kombe kuwa mlimani, aliona ni jambo la kwao.

Siku ya pili tulikodi gari, na hapa nakushauri usisite. Mabasi ni machache, na uzuri wa manispaa hii umetawanyika ndani ya hifadhi ya milima ya Aire na Candeeiros, iliyoanzishwa mwaka 1979. Endesha polepole. Kila kiwanja kimezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji wala udongo, kilometa kwa kilometa, na ndani yake mizeituni michache. Mwanzoni nilidhani ni mipaka tu ya mashamba. Mzee mmoja tuliyemkuta kando ya njia alitueleza kwa ishara na Kireno cha taratibu: kabla ya kupanda chochote ilibidi kwanza waokote mawe, na mahali pa kuyaweka ni ukutani. Mawe madogo meupe yanayotandikwa kwenye vijia vya Lisbon, yale yenye michoro, mengi hutoka kwenye machimbo ya huku.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba juu milimani huoni mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye nyufa za mawe na kupotelea chini. Watu wa huko tangu zamani walichimba matangi ya kukinga mvua, maana visima havikuwafaa. Lakini kuna bonde pana tambarare kati ya Mira de Aire na Minde ambalo, mvua za majira ya baridi zikizidi, maji hupanda kutoka ardhini na kuligeuza ziwa. Tulipopita lilikuwa kavu, majani mabichi mtindo mmoja.

Ukitaka kujua maji yanakwenda wapi, ingia mapango ya Mira de Aire. Haya ndiyo sababu kubwa ya kukwambia uje. Yaligunduliwa mwaka 1947, yakafunguliwa kwa watalii 1974, na yanateremka mita 110 chini ya ardhi. Nilikuwa na wasiwasi na magoti ya mama kwa sababu ngazi ni 683. Nikamuuliza binti wa tiketi mara mbili, akanihakikishia: ngazi ni za kushuka tu, kurudi juu kuna lifti. Ni kweli. Mama ana miaka 68 na alishuka vizuri, akishikilia reli, kundi likimsubiri bila kunung'unika. Vaa viatu vya soli inayoshika, maana ngazi zina unyevu. Chukua na sweta, kwa sababu ndani ni kama nyuzi 17 mwaka mzima.

Kuna mawe yananing'inia kama mapazia, mengine membamba kama tambi. Kwenye ncha ya jiwe moja, karibu na uso wangu, palikuwa na tone la maji. Nilisimama nikalisubiri lidondoke. Lilijaa, likatetemeka, likabaki pale pale. Kundi lilisogea, na mimi ikabidi nisogee. Kule chini kabisa unasikia maji kabla ya kuyaona, kisha unafika kwenye mto na ziwa. Mama alishika reli akatazama kimya, halafu akasema, "Kumbe yote yako huku."

Ziara ilichukua kama saa moja. Maelezo yalikuwa kwa Kireno na Kiingereza, na mtembezaji alikuwa mpole. Kwa mapango natoa nyota tano, kwa ngome nne na nusu, kwa usafiri wa umma mbili.

Kama una saa moja ya ziada, usiondoke bila kupita São Jorge, uwanja wa vita vya Aljubarrota. Tarehe 14 Agosti 1385, jeshi dogo la Wareno chini ya Nuno Álvares Pereira liliwashinda Wakastilia, watu wa ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo, waliokuwa wengi zaidi. Huyo Nuno ni babu wa yule kabaila wa ngome, na tangu 2009 ni mtakatifu wa Kanisa. Alijenga kikanisa hapo uwanjani, na ukutani kwa nje wameweka mtungi wa maji kwa ajili ya mpita njia, kukumbuka kiu ya askari siku ile ya joto. Baada ya siku nzima kwenye milima isiyo na mto, mama aliweka mkoba chini, akafanya ishara ya msalaba, akanywa.