Sikukuu za Desemba Dar: hela ya burudani ya familia uiweke wapi

Desemba ikifika katikati, Dar es Salaam yote ni mabango. Kila ukumbi una tamasha, kila hoteli ya ufukweni ina siku ya familia, na baa yoyote yenye uwanja nyuma imeshakodi bembea. Mzazi mwenye bajeti moja na watoto watatu hawezi kwenda kote. Kwa hiyo nimepanga machaguo kwa kufuata lile ambalo ningelilipia kwanza. Ninapopanga najiuliza kama mtoto atapata pa kukimbilia, bibi atapata kiti cha kukaa kivulini, choo kinatumika, na tukitaka kuondoka tutatoka kwa mlango upi. Jina la msanii naliangalia mwisho.

Kabla ya yote, piga hesabu nzima. Kiingilio mara nyingi ndicho kidogo. Weka nauli ya kwenda na kurudi (usiku wa sikukuu bajaji hupandisha bei bila aibu), maji, soda, chipsi za kila mtoto, na hela ya bembea zinazolipiwa pembeni hata baada ya kulipa getini. Uliza kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia. Uliza pia ile "watoto bure" inaishia wapi, maana kuna wanaohesabu umri na kuna wanaopima urefu. Januari inakuja na ada za shule, haimsubiri mtu.

Na ukiweza, kwepa tarehe 25 na 26. Shule zimefungwa mpaka Januari, hivyo tarehe 27 hadi 30 watoto bado wako nyumbani na foleni zimepungua. Wenyeji wengi wa Kilimanjaro wameshakwenda kwao, na jiji linapumua.

Namba moja kwangu ni Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama kando ya barabara ya Bagamoyo, kilichokipa jina hata kituo cha daladala cha jirani. Kimekuwepo tangu miaka ya 1960, na watu wengi wa jiji hili wanakipita kila siku bila kuingia. Ndani kuna nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Msonge wa Wahaya ulioezekwa kwa nyasi mpaka chini upo, na tembe ya Wagogo yenye paa la udongo lililo bapa ipo pia. Mtoto anainama, anaingia, macho yanazoea giza, kisha anaanza kuuliza: ng'ombe walilala wapi, moshi ulitokea wapi, babu alikuwa na kitanda? Hapo mzazi au bibi anapata la kusema, na mtoto anasikiliza.

Ngoma huchezwa alasiri, hasa mwisho wa wiki, ila piga simu kwanza uhakikishe siku. Mkifika mapema, wapelekeni watoto pale wapigaji wanapojiandaa. Mpigaji anaisogeza ngoma karibu na moto mpaka ngozi ikaze, anaigonga kwa vidole, anatega sikio, halafu anairudisha tena motoni. Watoto wanasimama kimya wakitazama, hata wale wasiokaa na kitu dakika mbili. Ikianza kupigwa, hakuna spika wala jukwaa la kuwatenga na wachezaji, na mwishoni wageni huvutwa kuingia kati. Raia hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Miti ipo, kivuli kipo. Sijaona mahali pengine katika jiji hili ambapo familia inapata ngoma, hadithi na pa kukimbia kwa hela ndogo namna hiyo, na inanisikitisha kuona siku ya sikukuu pana watu wachache kuliko maegesho ya maduka makubwa.

Mkibaki na siku nyingine, Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert yana fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Watoto wa darasa la nne kwenda juu wameshalisoma kitabuni, na kuliona kwa macho ni jambo lingine kabisa.

Namba mbili ni kwaya. Makanisa ya jiji huwa na jioni za nyimbo za Krismasi katika wiki za Majilio, na mengi hayatozi kitu zaidi ya sadaka. Azania Front, kanisa la Kilutheri la tangu enzi za Wajerumani linalotazama bandari, ni zuri kwa anayependa sauti nne zilizopangwa vizuri ndani ya jengo lenye mwangwi wake. Jiji hili ndilo lililolea kwaya kama AIC Chang'ombe na Mtakatifu Kizito Makuburi, kwa hiyo usidhani unakwenda kusikiliza watu wa kujaribu. Matamasha makubwa ya kwaya huuza tiketi, na tiketi hizo hupatikana ofisi za parokia au usharika baada ya ibada ya Jumapili. Nunua hapo, usisubiri mlangoni. Kaeni karibu na njia ya pembeni kama mna mtoto mchanga.

Namba tatu: maji. Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji, ndiyo chaguo ghali katika orodha hii, lakini mtoto wa miaka minane hadi kumi na minne ataikumbuka mwaka mzima. Nendeni geti linapofunguliwa. Saa nne asubuhi mnapanda mteremko mnavyotaka, ila saa nane mchana mnapanga foleni juani. Kama mtoto ana umri chini ya miaka mitano hela hiyo haitarudi, kwa kuwa atashinda kwenye bwawa dogo tu. Wanaokaa upande wa Temeke na Kigamboni wana Fun City, bustani ya michezo iliyoko Kigamboni, na kufika huko siku za sikukuu ni afadhali Daraja la Nyerere kuliko kivuko cha Magogoni.

Muziki wa dansi nauweka namba nne kwa sababu ni wa watu wazima, si kwa ubora. Tafuteni wa kubaki na watoto usiku mmoja, mwende kuwaona Msondo Ngoma au Sikinde wakiwa na onyesho. Msondo inatokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ilianza mwaka 1978. Magitaa yanasukana taratibu, tarumbeta zinaingia, na utaona mzee wa miaka sabini akimshika mkewe mkono kwenda kucheza. Kiingilio huwa kidogo kikilinganishwa na matamasha ya Bongo Fleva. Haya mengine, ambapo msanii mkubwa anapanda saa nane usiku na VIP ni kiti cha plastiki mita chache mbele ya wengine, siwezi kumshauri mwenye familia.

Sinema ya Mlimani City ni ya siku ya mvua. Majukwaa ya vichekesho kama Cheka Tu ni mazuri, ila utani wake ni wa wakubwa.

Coco Beach haina kiingilio, na mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili inatosha kuwa burudani. Lakini siku ya Boxing Day umati ni mkubwa mno, maji yanajaa upesi na watoto hupotea. Nendeni asubuhi, bahari ikiwa imekupwa.

Kuna kitu kimoja sikiweki kwenye orodha kwa bei yoyote: disko toto. Oktoba 2008, sikukuu ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Walikosa hewa, wakakanyagana. Ndiyo maana polisi hutangaza marufuku karibu kila sikukuu, na bado kuna wanaofungua milango na kukusanya mia tano za watoto wa mtaani. Ukumbi wowote utakaolipia, zunguka kwanza. Hesabu milango, sukuma uone kama inafunguka, tazama kama madirisha yana nondo. Ukikuta mlango mmoja na watu wanaendelea kuuziwa tiketi, geuka na watoto wako.

Kwingineko kote, pigeni picha ya watoto asubuhi wakiwa wamevaa nguo watakazotoka nazo, na namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi mwa kila mmoja kwa kalamu isiyofutika kwa maji.