Kichwa kiliacha kuuma, nesi akakataa nivue maski

Nilikuwa na mimba ya wiki 30. Jenereta la jirani lilinguruma usiku kucha chini ya dirisha letu. Alfajiri kichwa kinagonga, natapika, miguu haina nguvu. Mume wangu naye kichwa kinamuuma, na yeye mimba hana.

Zahanati ya kwanza siitaji jina. Walinibana kile kipimo cha kidoleni, kikaandika 98. "Oksijeni iko sawa mama, ni uchovu wa mimba tu." Baadaye ndipo nikaelezwa kuwa kipimo hicho hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, ile sumu iliyomo kwenye moshi wa jenereta; kwake zote ni njema. Nyota moja, na hiyo ni ya kiti nilichokalia.

Hospitali ya pili naipa nne. Nesi wa mapokezi aliuliza kabla sijakaa: "Nyumbani kuna mwingine anayeumwa kichwa?" Hawakungoja majibu ya damu, nikavishwa maski ya oksijeni yenye mfuko chini, mkanda ukafungwa tumboni kufuatilia mapigo ya mtoto. Majibu yakaja: kaboni monoksidi kwenye damu asilimia 12. Daktari akazungumzia tanki la shinikizo, unapoingia kuvuta oksijeni kwa presha kubwa, maana kwa mjamzito hulifikiria mapema kuliko kwa wengine, ila kwa kiwango kile na mapigo yale akaona maski inatosha.

Baada ya saa moja na nusu nilijisikia mzima, nikaanza kufungua mikanda. Nesi akanizuia: "Wewe umepona, dada. Mtoto bado." Akanieleza taratibu: kwa hewa ya kawaida sumu ile huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu, kwa oksijeni safi ni kama saa moja na kidogo. Hayo ni ya mama. Damu ya mtoto huing'ang'ania zaidi, huipata kwa kuchelewa na huiachia kwa kuchelewa, kwa hiyo mama hubaki kwenye maski muda mrefu kuliko anavyohitaji yeye mwenyewe.

Nyota ya tano wameipoteza kwa mume wangu. Amevuta hewa ileile, wakamwacha kwenye benchi mpaka nilipopiga kelele naye apimwe. Tena hakuna aliyeniambia kwamba mfuko ule hunywea kidogo ukivuta pumzi. Nilidhani umetoboka, nikabana pumzi kama mpumbavu.

Jioni mtoto akaanza kucheza, teke moja likausogeza mkanda. Nesi akaurudisha mahali pake, akasikiliza, maski akaiacha palepale.