Viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi: nzuri kwa anayekwenda na kurudi, si kwa anayetaka kukaa

Kwa mwenye safari za mara kwa mara Ulaya, za biashara, mikutano au kuona ndugu, hakuna viza ya matembezi inayompunguzia usumbufu kama hii. Stika moja kwenye pasipoti inafungua nchi 29 za Schengen, eneo la Ulaya ambalo nchi zake zimeondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Ada ni yuro 90 tangu 11 Juni 2024, na haibadiliki ukipewa wiki mbili au miaka 5. Watoto wa miaka 6 hadi 11 wanalipiwa 45, walio chini ya hapo hawalipiwi. Ukipitia kituo cha kupokea maombi, kuna malipo ya huduma ambayo kwa kawaida hayaruhusiwi kuzidi nusu ya ada. Ukikataliwa, ada hairudi.

Ubaya wake ni kwamba inasomwa vibaya, na wanaoisoma vibaya mara nyingi ni watu waaminifu kabisa. Mtu akiona miaka 2 kwenye stika anadhani amepewa miaka 2 ya kukaa. La. Miaka hiyo ni muda ambao mlango haufungwi. Kukaa kwenyewe ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 hazianzi Januari wala siku uliyoingia. Zinasogea nawe. Kila siku uliyomo ndani, rudi nyuma siku 180 ukiihesabu na siku hiyo yenyewe, kisha jumlisha siku zote ulizokuwemo. Zikizidi 90, umevunja masharti. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia, hata kama ndege ilitua saa tano usiku.

Chukua mfano. Anayeingia 1 Januari 2026 na kutoka 31 Machi amemaliza siku 90 kamili, na hawezi kurudi kabla ya 30 Juni. Anayeingia 1 Julai akasema "miezi mitatu" na kuondoka 30 Septemba amekaa siku 92. Hizo mbili za ziada zinatosha kumletea faini, marufuku ya kuingia, au maswali magumu kwenye ombi linalofuata. Zamani ilitegemea afisa kufungua kurasa na kusoma mihuri. Mfumo wa kielektroniki wa mipakani, ulioanza kutumika 12 Oktoba 2025, unaandika kuingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole, na hesabu anaifanya kompyuta. Siku ulizokaa Ayalandi au Uingereza hazimo kwenye hesabu hii.

Kwa hiyo viza ya mwaka mmoja inakupa takriban nusu mwaka tu wa kukaa, tena kwa vipande. Na si kila viza inatoa siku 90. Soma sehemu tatu za stika kabla hujaondoka dirishani: tarehe ya mwanzo na mwisho, idadi ya kuingia (MULT maana yake mara nyingi), na siku za kukaa. Viza fupi huongezewa siku kadhaa kwenye tarehe ya mwisho kama akiba, safari ikisogea. Ikiwa siku za kukaa ni 10, ni 10, hata kama tarehe ya mwisho iko mbali zaidi.

Viza ya miaka mingi hufikiwa ngazi kwa ngazi, na kanuni ya jumla imeandikwa tangu Februari 2020. Ukipata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka 2, unastahili ya mwaka mmoja. Ukishakuwa na hiyo ndani ya miaka 2 iliyotangulia, inafuata ya miaka 2. Ukishakuwa na ya miaka 2 ndani ya miaka 3 iliyotangulia, inafuata ya miaka 5. Ubalozi unaweza kufupisha ukiwa na shaka. Wengi wanakwama kwa jambo dogo sana: pasipoti. Viza haiwezi kupita uhai wa pasipoti, kwa hiyo mwenye ngazi ya miaka 5 aliyebakiza miaka 2 kwenye pasipoti yake anajinyima mwenyewe. Badilisha pasipoti kwanza, uambatanishe nakala za viza za zamani.

Ombi liende kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa ile utakayoingilia. Kupeleka kwingine kwa sababu miadi inapatikana haraka ni kosa baya, maana viza inaweza kufutwa mpakani. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Kwa viza hii unaonyesha bima ya safari ya kwanza tu, lakini kila safari inahitaji yake. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu ni siku 15, ila linaweza kufika 45. Kusubiri wiki mbili za mwisho ni kujitafutia hasara ya tiketi.

Kwa anayetaka kukaa miezi minne mfululizo, kusoma, kuajiriwa au kuishi na mwenzi, hatuipendekezi hata kidogo. Anahitaji viza ya kitaifa, aina ya D, inayotolewa na nchi moja kwa sheria zake, kwa zaidi ya siku 90 hadi mwaka mmoja. Ureno, Hispania, Kroatia na Ugiriki zina mpango hata kwa wanaofanya kazi kwa mbali; Ureno inadai kipato cha mara 4 ya kima chake cha chini cha mshahara. Siku za kukaa kwa D katika nchi iliyoitoa hazili zile 90 zako, na bado unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 katika 180. Ila usiingie kwa viza ya matembezi ukitarajia kuibadilisha ukishafika. Nchi nyingi zitakurudisha ukaombe D ubalozini, katika nchi unayoishi kihalali.