Kolibri katika shule ya msingi: programu ni bure, kazi iko kwenye mashine na ruta

Kolibri ni programu ya bure kutoka shirika la Marekani la Learning Equality, iliyoundwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unaiweka kwenye mashine moja, unaijaza video, hadithi na mazoezi, kisha vishikwambi vya darasani vinaifungua kupitia Wi-Fi ya ruta isiyo na bando hata la shilingi kumi. Kwa kazi hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotelea kwenye maudhui, tutafika huko.

Kwanza mashine. Mafundi wengi hupendekeza Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja, kwa kuwa ni ndogo na hula umeme kidogo. Kwa shule za Kisumu, Vihiga au Busia, magharibi mwa Kenya, sisi tungechukua laptopu iliyotumika. Stima huku hupotea bila kubisha hodi, nayo Pi haina betri. Ikizimika ghafla wakati inaandika, kadi ya memori inaweza kuharibika na mambo yote yakaanza upya. Tena Pi 4 haina saa yenye betri yake: ikiwashwa bila intaneti inashika tarehe ya zamani, na ripoti za wanafunzi zinavurugika. Laptopu yenye RAM ya GB 4, diski ya SSD ya GB 256 na betri inayohimili nusu saa inaondoa matatizo yote mawili.

Kuiweka kwenye Windows si kazi ngumu, ila kuna mitego. Windows ikiuliza kama Kolibri iruhusiwe kwenye mtandao, kubali mtandao wa faragha. Ukikataa, programu itafunguka vizuri kwenye laptopu yenyewe huku vishikwambi vyote vikikwama, na utailaumu ruta bure. Zuia laptopu isilale, hata kifuniko kikifungwa. Iunganishe na ruta kwa waya, kisha ndani ya ruta uitengee anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, ili isibadilike kila asubuhi. Kwenye kishikwambi andika http://192.168.1.50:8080 bila kuacha hata herufi moja. Android ikionya kwamba Wi-Fi hiyo haina intaneti, chagua kubaki. Kishikwambi chenye laini ya simu kizimwe data, la sivyo kitahamia mtandao wa simu kimyakimya. Vile vya zamani sana huenda vikashindwa kufungua matoleo mapya ya Kolibri, kwa hivyo jaribu kimoja kabla ya kukusanya thelathini.

Ruta ya bei ya chini ya nyumbani itazidiwa vishikwambi thelathini vikibofya video moja kwa wakati mmoja. Dawa yake haihitaji pesa: weka wanafunzi wawili kwa kishikwambi kimoja, nusu ya darasa ianze na mazoezi, ambayo ni mepesi kwa mtandao, na nusu nyingine itazame video, kisha wabadilishane. Kama kuna projekta, video ionyeshwe mara moja kwa wote na vishikwambi viachiwe mazoezi tu. Kelele nazo zinapungua.

Sasa maudhui. Masomo ya Kiingereza ya Khan Academy, shirika linalotoa masomo ya bure mtandaoni, yamepangwa kwa mtaala wa Marekani. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 akiachwa ajichagulie, atakutana na inchi, futi na dola kabla hajafika anapotakiwa. Mkondo mzima, yaani kifurushi chote cha masomo hayo, nao hula makumi ya gigabaiti. Pakua mada unazozihitaji pekee, tena mahali penye intaneti nzuri, uzihamishe kwa fleshi. Kisha mwalimu afungue sehemu ya walimu, aunde somo la wiki kwa kuchagua video mbili na zoezi moja linalolingana na mada yake ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Dakika arobaini za maandalizi hayo ndizo zinazotenganisha somo na mchezo. Kuna pia Khan Academy ya Kiswahili, lakini hesabu zetu kuanzia Gredi ya 4 hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa Gredi ya 1 hadi ya 3 tungeanzia African Storybook, mkusanyiko wa vitabu vya watoto: hadithi fupi zenye picha, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, Dholuo ikiwemo.

Sehemu inayostahili sifa zaidi ni ripoti. Baada ya zoezi, mwalimu anaona nani amemaliza, nani bado anaendelea na nani anahitaji msaada, jina kwa jina. Katika darasa la watoto sitini hilo ni jambo kubwa. Kwa wadogo unaweza kuondoa nywila waingie kwa jina pekee. Jua tu kwamba hapo mtoto anaweza kuingia kwa jina la mwenzake, na ripoti ikadanganya.

Kila Ijumaa nakili folda iitwayo .kolibri kwenye diski ya nje, maana ndimo kumbukumbu zote za wanafunzi zilimo. Na mvua ya alasiri ikianza kunguruma, hasa kwa walio Kakamega na Kisii ambako radi si habari geni, chomoa chaja ya laptopu, ruta, na waya unaoziunganisha. Kuzima swichi ukutani hakutoshi.