Proton Mail: hadi mamangu ameiweza

Hii huduma ya barua pepe ya siri nimeitumia miezi kama mitatu. Hapo awali nilijaribu PGP, ile njia ya kujifungia barua pepe mwenyewe kwa funguo za kompyuta, nikachoka, eti utengeneze funguo mbili, moja ugawie watu nyingine ufiche, nani ana huo muda ndani ya matatu ya Rongai? Hii ya Waswisi mkiwa wote mko Proton inafunga barua yenyewe mtu mwingine asiisome, hata hujui kama kuna kitu kimefanyika. Mtu wa Gmail unamwekea paswadi, anapata linki, anabonyeza anaiandika basi. Mamangu nilimtumia kopi ya hati ya shamba hivyo, paswadi nikamtajia kwa simu polepole, herufi moja moja, akafungua bila kunipigia tena! Ila kichwa cha barua (subject) hakifungwi hivyo, siri usiandike hapo. Ya bure nafasi ya kuhifadhi barua ni hadi GB 1.