Pinocchio ya Guillermo del Toro: si katuni ya kumwachia mtoto rimoti

Filamu ya Pinocchio iliyoongozwa na Guillermo del Toro pamoja na Mark Gustafson ilitoka mwaka 2022 na inapatikana Netflix. Mwaka 2023 ilitwaa Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya uhuishaji. Katika nyumba nyingi za Moshi mtoto hukabidhiwa rimoti Jumapili mchana ajichagulie katuni huku wakubwa wakipiga soga barazani, na picha ya kijitu cha mbao chenye pua ndefu haimshtui mtu. Kwa hiyo ni vyema niseme mapema kwamba ndani ya filamu hii mna bomu, jeneza, risasi na baba anayemwambia mwanawe kuwa ni mzigo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuitazama, mkubwa akiwa kando yake. Mdogo zaidi ya hapo asubiri.

Geppetto, mchonga mbao wa kijiji kimoja cha Italia, anampoteza mwanawe Carlo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kanisa linapoangukiwa na bomu. Tunda la msonobari alilokuwa nalo mtoto linapandwa kando ya kaburi, linamea, na miaka kadhaa baadaye mzee, akiwa amelewa usiku wa mvua na radi, anauangusha mti huo kwa shoka ili ajichongee mtoto mwingine. Shangazi yangu wa Kibosho, ambaye huangalia sinema za mauaji bila kukunja uso, aliguna pale shoka lilipogusa shina. Kwa watu wa mlima Kilimanjaro, wanaozika wapendwa wao kihambani, yaani shamba la ukoo, na kupanda isale, mmea wa heshima, kaburini, mti wa namna hiyo si kuni, na sidhani kuna Mchagga atakayehitaji kuelezwa uzito wa tendo lile.

Onesho la kuchonga ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mzee anafanya kazi kwa hasira, anapigilia misumari bila kuificha, kisha anazidiwa na pombe na kusinzia kabla hajamaliza. Matokeo yake ni Pinocchio, kijana wa mbao mwenye sikio moja na misumari iliyochomoza mgongoni. Seremala yeyote wa mjini hapa angeona haya kuiweka kazi hiyo mbele ya mteja. Kwa kuwa filamu imetengenezwa kwa kusogeza vikaragosi halisi kidogo kidogo na kuvipiga picha moja baada ya nyingine, jicho linauona ubao wenyewe, mikwaruzo na kila kitu. Baadaye kijana huyo, akiwa ameshapata uhai, anaingia kanisani, waumini wanamwona shetani, naye, akiutazama msalaba uliochongwa na baba yake, anauliza kwa nini watu wanampenda yule wa mbao aliye juu na yeye hawampendi.

Wapo watakaodai kuwa del Toro ameiharibu hadithi ya watoto. Carlo Collodi, Mwitalia aliyeitunga, alipoanza kuitoa gazetini mwaka 1881, alimfanya Pinocchio amuue nyenje mshauri kwa nyundo, na alikusudia kuimaliza pale kikaragosi kinaponyongwa mtini. Aliiendeleza kwa sababu wasomaji walitaka zaidi. Ulaini tuliouzoea ni wa filamu ya Disney ya mwaka 1940. Hadithi za Uchagani nazo hazikuwabembeleza watoto: Murile aliokota gimbi zuri kama mdogo wake, akalificha ndani ya mti wenye uwazi, likageuka mtoto, akawa analilisha chakula chake mwenyewe hadi akakonda, na mama yake alipogundua alimuua yule mtoto. Murile alilia, akakalia kigoda cha baba yake, akapaa hadi kwa mfalme wa mwezini. Aliyeisikia hiyo jikoni kwa bibi hawezi kushangazwa na Geppetto.

Pinocchio anakufa zaidi ya mara moja, na kila anapokufa anafikishwa mbele ya Mauti, ambaye sauti yake ni ya Tilda Swinton, akiwa amebebwa na sungura weusi wanaocheza karata. Sungura wetu wa hadithini ni mjanja. Hawa ni wachukuzi wa majeneza waliochoka na kazi. Sehemu ya wanajeshi wa Mussolini, dikteta wa Italia, inahitaji mkubwa wa kuifafanua, na wa hapa ana pa kuanzia, kwa kuwa huyo ndiye aliyeivamia Ethiopia mwaka 1935.

Kasoro zipo. Nyimbo ni nyingi na sikumbuki hata moja, na safari na Count Volpe, mwenye sarakasi, inavutwa kupita kiasi katika filamu ya dakika 117.

Hata hivyo, ukatili wake una sababu. Linganisha na filamu ya kutisha ya Winnie-the-Pooh: Blood and Honey ya mwaka 2023, iliyotengenezwa kwa gharama isiyofikia dola 100,000 baada ya kitabu cha watoto cha A. A. Milne cha mwaka 1926 kuhusu dubu huyo Winnie-the-Pooh kuondokewa na hakimiliki nchini Marekani mwaka 2022. Pale dubu mpole amevishwa barakoa na kupewa silaha, wasichana wanauawa mmoja baada ya mwingine, na mtazamaji hapati cha kumsikitikia mtu yeyote. Iliingiza mamilioni, ikazoa tuzo za Razzie za filamu mbovu, na sioni kwa nini mtu apoteze bando lake kwa ajili yake.

Anayekusudia kuitazama Pinocchio na watoto aanze mapema jioni, wala si saa ya kulala, na asimamishe kidogo baada ya onesho la kanisani, kwa sababu maswali yao huanzia pale na filamu haitawangoja.