Kolorimita ya mkononi ya Kariakoo: kifaa chukua, kijikaratasi tupa

Walimu wenzangu wa Baiolojia wa kidato cha tano na sita, kama maabara yenu haina kolorimita (kifaa kinachopima kwa namba ukali wa rangi ya kimiminika), hiki kidude cha plastiki kinachouzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya shule kinafaa. Nimekitumia kwa zoezi moja tu, lile la bitiruti, na kwangu kimeshalipa bei yake.

Zoezi mnalijua: vipande vya bitiruti vinawekwa kwenye neli za maji yenye joto tofauti, kisha tunaangalia rangi iliyovuja. Rangi ya bitiruti, betanini, imefungiwa ndani ya vakuoli, kifuko kilicho ndani ya seli. Ili ifike kwenye maji ya neli, lazima ivuke utando wa vakuoli, halafu utando wa nje wa seli. Wekundu wa maji ndio kipimo cha uvujaji wa tando hizo mbili. Kwa macho, wanafunzi hubishana hadi kengele inalia: neli ya nyuzi 40 imeizidi ya 30 au haijaizidi? Kifaa kinamaliza ubishi. Namba zetu zilipanda polepole kuanzia nyuzi 20, zikapaa baada ya 50. Na utamu wa somo uko hapo kwenye mruko. Joto la kiasi hulegeza mafuta ya utando, molekuli zikapishana kwa kasi na mianya ikaongezeka. Likizidi, protini zilizopachikwa humo hupoteza umbo, na utando hauzuii tena kitu.

Binti mmoja akauliza: mbona tando za mimea ya baridi hazigandi? Nikatoa kwenye friji mafuta ya nazi na ya alizeti. Ya nazi jiwe, ya alizeti yanamwagika. Mikia ya asidi ya mafuta iliyopinda haikubali kubanana, na mimea mingi huiongeza msimu wa baridi ukiingia. Darasa zima likaelewa, hata wale wa dirishani.

Sasa lawama. Kijikaratasi cha maelekezo kinachokuja na kifaa kinaelekeza kwamba kimiminika chekundu kipimwe kwa taa nyekundu. Hapana jamani! Mwanga mwekundu unapita tu, utasoma karibu sifuri. Wekeni kijani, maana betanini hunyonya zaidi mwanga wa nanomita 535 hivi. Kifuniko nacho chepesi, kinapenyeza mwanga wa nje. Mimi hukitupia kitambaa cheusi.

Bomba la kukatia vipande ni zuri, lina makali. Ila osheni vipande mpaka maji yawe meupe, la sivyo mtakuwa mnapima seli zilizokatwa, si joto. 

Walianza kuniambia laki tatu, tukamalizana kwa laki mbili na ushee. Kyuveti, yaani vichupa vya kuwekea kimiminika cha kupimwa, zinazokuja nacho ni nne na huchubuka upesi. Ombeni za nyongeza kabla hamjatoa hela, kwa sababu ukirudi baadaye hawakuuzii peke yake.